Kikombe cha Shule na Maziwa ya Nyumbani

  Leo tuzungumze juu ya maziwa ya mtoto anayesoma.

Waliosoma Kenya miaka ya themanini wanayakumbuka maziwa ya Nyayo. Serikali ya Rais Moi ilianza kuyagawa mwaka 1979, kila mtoto wa shule ya msingi pakiti ya mililita 200, bure. Mpango huo ulikwama miaka ya tisini. Basi mama, usidhani mwanao anakunywa maziwa shuleni. Kinachopikwa katika shule za kambini ni uji wa unga wa mahindi na soya uliotiwa vitamini na madini. Uji huo ni mzuri, asiukose, lakini hauna maziwa. Unga uliochanganywa na maziwa hutengewa watoto wadogo, hasa wa miezi 6 hadi 23.

Utauliza, mbona tusigawiwe maziwa ya unga tukachanganya wenyewe? Shirika la wakimbizi, UNHCR, halikubali yagawiwe hivyo. Maji yakiwa machafu, kikombe kinakuwa cha kuhara. Tena mama mwenye mtoto mchanga hushawishika kupunguza kunyonyesha. Hapo mimi nakubaliana nao kabisa.

Kwa hivyo maziwa ya mwanafunzi yatoke nyumbani. Mtoto wa miaka 7 hadi 9 anahitaji takriban miligramu 700 za kalsiamu kwa siku, kwa ajili ya mifupa na meno. Kikombe cha mililita 200 kinampa karibu theluthi moja. Ukiweza viwili, vyema. Ukipata kimoja tu, mpe hicho, kisha umwongezee maharagwe na sukuma wiki. Lakini vijiko viwili vya kubadilisha rangi ya chai tusiviite maziwa! Chai yenyewe, ikinywewa pamoja na chakula, huzuia mwili kuchukua madini ya chuma, na mtoto akabaki hana damu ya kutosha.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Maziwa ya ngamia yanayoletwa sokoni kwa mitungi yametoka kwa wanyama wengi, na mmoja tu mgonjwa anatosha kuyaharibu yote. Najua wazee wetu hupenda kuyanywa mabichi, na chombo kilichofukizwa moshi huyapa ladha tamu. Moshi hauui vijidudu vya brusela. Yachemshe mpaka yaumuke, hata kama muuzaji ni shangazi yako. Yafunike, uyamimine kwa kikombe safi, wala usiyarudishe katika mtungi ule ule kabla ya kuuosha kwa maji moto.

Mtoto akiwa na homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, na viungo vikimuuma, usikae ukimpa dawa za malaria za kununua dukani. Mpeleke kituo cha afya, umwambie daktari kwamba amekunywa maziwa mabichi.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.