Daktari Wako Amesajiliwa?
Msikilizaji, unatafuta daktari wa familia hapa Kenya? Koti jeupe lisikudanganye, linauzwa dukani. Chukua jina lake kamili, ulitafute kwenye rejista ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, iliyo wazi mtandaoni. Tazama hasa leseni. Hiyo huhuishwa kila mwaka, na cheti cha zamani kilichotundikwa ukutani, hata kiwe na fremu ya dhahabu, hakikuambii kama ya mwaka huu ipo. Kliniki nayo iwe na leseni yake.

Jina likikosekana, usipige kelele bado. Pengine anayekutibu ni afisa wa kliniki. Sisi humwita “daktari” vilevile, ila yeye husajiliwa na baraza lingine, la maafisa wa kliniki. Muulize, kisha umtafute huko.