Damu ya Baba na Damu ya Mama

(Hotuba iliyosomwa Mbale, siku ya maadhimisho ya chama chetu)





Nimetakiwa niseme machache juu ya elimu ya viumbe na uchunguzi wake wa siku hizi. Mimi si tabibu. Skuli nilifika darasa la saba, na baada ya hapo nilikaa mbele ya masheikh zangu. Lakini nina deni moja lililonifanya nisome na kuwauliza wajuzi, na leo napenda kulilipa mbele yenu.

Zaidi ya miaka 20 iliyopita, nilipokuwa imamu kijana, niliitwa kusuluhisha mtu na mkewe. Walikuwa wamekwisha zika watoto wawili, na wa tatu alikuwa akilia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa, macho yake manjano, vidole vyake vimevimba. Jamaa za mume walisema kwamba ukoo wa yule mwanamke una damu mbaya. Nami nilinyamaza, nikidhani kunyamaza ni hekima. Mke akapewa talaka, akarudi kwao na mtoto mgonjwa mgongoni. Leo najua ya kuwa ushahidi wa kumwondolea lawama ulikuwako, nao ulikuwa umekwisha andikwa kabla mimi sijazaliwa.

Ushahidi wenyewe ni huu. Maradhi yale ni sikoseli, ambayo wengine huyaita selimundu. Mwaka 1910 tabibu wa Chicago, James Herrick, aliandika habari za kijana mgonjwa aliyetoka kisiwa cha Grenada. Alipoitazama damu yake kwa darubini, aliona chembe nyekundu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, zimepindika kama mundu. Chembe za namna hiyo hukwama katika mishipa myembamba, na damu ikizuiwa, maumivu hutokea. Tena hufa upesi, mtoto akapungukiwa na damu.

Mwaka 1949, katika Marekani, James Neel alipima damu za wazazi wa watoto wagonjwa. Alikuta ya kuwa baba na mama, wote wawili, wana alama ya mundu katika damu zao, ingawa wenyewe ni wazima. Mwaka ule ule Linus Pauling na wenzake, huko California, waliichukua hemoglobini, yaani kile kitu chekundu kinachobeba oksijeni katika damu, wakaipitishia umeme. Ya mtu mzima ilikwenda kwa namna yake, na ya mgonjwa kwa namna nyingine. Ya wale wenye alama bila ya ugonjwa ilikuwa mchanganyiko wa zote mbili. Kisha mwaka 1957 Vernon Ingram wa Cambridge, Uingereza, alionyesha ya kuwa tofauti ya hemoglobini hizi ni ndogo mno. Hemoglobini imetungwa kama shanga za tasbihi. Katika uzi mmoja wenye shanga 146, ile ya 6 peke yake ndiyo iliyobadilika, na kwa badiliko hilo moja mtoto hulia usiku kucha.

Fahamuni basi maana yake. Kila mtu hupewa maandishi ya urithi, yaani jeni, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye jeni moja ya mundu ni mzima. Hawi mgonjwa wa sikoseli illa aliyepokea mbili, moja kutoka kila upande. Wazazi wote wawili wakiwa na jeni moja moja, katika kila mimba ipo robo ya yamkini mtoto awe mgonjwa, nusu awe mbebaji kama wazazi wake, na robo awe hana kabisa. Hesabu hii huanza upya kwa kila mimba. Basi mume anayemlaumu mkewe ajue ya kuwa nusu ya jambo hilo imetoka kwake.

Wala hii si damu mbaya. Anthony Allison, mtaalamu aliyekulia Kenya, alipima watoto 290 wa Kiganda karibu na Kampala, na habari zake zikatoka mwaka 1954. Miongoni mwa watoto wasio na alama ya mundu, 46 katika kila 100 walikuwa na vijidudu vya malaria. Miongoni mwa wenye alama, 28 tu. Jeni moja, basi, ni ngao, na ndiyo sababu imeenea katika nchi zetu zenye mbu. Lakini mwenye jeni mbili hana ngao hiyo, na malaria humdhuru sana. Katika uchunguzi wa watoto wachanga 97,631 wa Uganda, uliofanywa mwaka 2014 na 2015, 13 katika kila 100 walikuwa wabebaji. Tazameni safu mlizokaa, mhesabu.

Sasa niseme habari za dawa. Mtoto akiwa tumboni ana hemoglobini ya namna yake, isiyopindisha chembe, nayo hupungua baada ya kuzaliwa. Dawa ya haidroksiyurea huifanya iongezeke tena. Wataalamu waliijaribu kwa watoto 606 katika miji minne: Luanda, Kinshasa, Kilifi, na mji wetu huu wa Mbale. Ilihofiwa kuwa huenda ikazidisha malaria. Matokeo yaliyotangazwa mwishoni mwa mwaka 2018 yalikuwa kinyume cha hofu hiyo: maumivu makali yalipungua zaidi ya nusu, malaria kadhalika, na vifo vikashuka chini ya theluthi ya vile vya kwanza. Watoto wa mji huu wana fungu katika elimu hiyo.

Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na kisha Marekani ziliruhusu tiba nyingine. Seli za uboho wa mifupa hutolewa, maandishi yake ya urithi hukatwa mahali palipochaguliwa ili hemoglobini ile ya utotoni irudi, kisha hurudishwa mwilini. Ni jambo kubwa, lakini bei yake Marekani ilitajwa kuwa dola milioni 2.2. Sisi tusikae tukiingoja, na hali kipimo cha damu kiko karibu.

Mwaka jana nilikwenda kumtafuta yule mama. Nilimkuta, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, nikamwomba radhi. Aliniambia ya kuwa mtoto yule alifariki kabla ya kuingia skuli, na ya kuwa kwa miaka yote hiyo yeye mwenyewe aliamini kwamba ndiye aliyewaua wanawe.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwanza, vijana wapime damu kabla ya posa, si baada ya mahari kutolewa. Simzuii mtu kuoa, wala siri ya damu ya mtu haitangazwi barazani. Nataka waingie katika nikahi wakijua. Pili, mtoto mwenye dalili hizi apelekwe hospitali mapema, naye akiandikiwa dawa asikatishwe. Tatu, sisi tunaoitwa kusuluhisha tusinyamaze tena mama anapolaumiwa kwa jambo ambalo baba ana nusu yake.

Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu, awarehemu waliotangulia, na atusamehe tulichokosa kwa kutojua. Amin.