Utetezi wa Mtu Anayeshtakiwa Kuvunja Amri ya Probesheni
(Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imeniagiza niseme habari ya jambo lililoleta ubishi mwingi mwaka huu, yaani kama yafaa fedha za msaada za Chama zitumike kumtafutia wakili mtu aliyekwisha kupewa probesheni na korti, na ambaye sasa anashtakiwa kwamba ameivunja. Wazee kadhaa wamesema kwamba mtu huyo alikwisha kusamehewa mara moja. Ikiwa ameichezea bahati yake, mbona tumtolee fedha za wajane na za mazishi? Hoja hiyo si ya kupuuzwa, nami naiheshimu. Walakini naona imesimama juu ya neno moja lisilo sawa, nalo ni hilo la kusamehewa.

Probesheni si msamaha. Sheria yake ilitungwa hapa Kenya mwaka 1943, na idara ya kuisimamia ikaanza kazi mwaka 1946. Korti huona kwamba kosa limethibitika, kisha hutazama umri wa mtu, tabia yake, nyumba atokako, afya yake na namna ya kosa lenyewe, ikaamua kumwacha akae kwao chini ya uangalizi wa afisa, kwa muda usiopungua miezi 6 wala kuzidi miaka 3. Adhabu ya kosa lile haikufutwa, imetundikwa tu. Ikithibitika kuwa amevunja masharti, korti yaweza kumhukumu kwa kosa lile la kwanza. Basi siku anayoitwa tena si siku ya kukaripiwa. Mtu aweza kutoka nyumbani asubuhi, na jioni akalala gerezani.

Angalieni neno hilo, “ikithibitika”. Sheria haisemi kwamba afisa akilalamika, basi mtu amekwisha kuanguka. Sharti korti iridhike kwamba kweli ameshindwa kuitimiza amri. Na hata ikiridhika hailazimiki kumfunga, kwa maana yaweza kumtoza faini na kuiacha amri iendelee. Kati ya malalamiko na gereza, basi, iko milango miwili, na penye kila mlango yapasa awepo mtu wa kusema. Aghalabu mshtakiwa wetu husimama peke yake, naye hajui hata kwamba milango hiyo ipo.

Tuseme yuko kijana mmoja. Simtaji mtu yeyote. Ameamriwa afike kwa afisa kila baada ya wiki mbili, wala asihame bila ruhusa. Mama yake ashikwa na ugonjwa huko nyumbani, naye apanda gari usiku kumpeleka hospitali, akauguza wiki tano. Arudipo akuta samansi inamngoja, au askari wenye waranti. Kortini aulizwa: Je, ni kweli hukufika kwa afisa? Kijana amelelewa asiseme uongo, naye ajibu, “Ni kweli.” Neno hilo laandikwa. Aulizwa kama ana la kuongeza, asema, “Naomba msamaha.” Hilo nalo laandikwa, nalo lazidi kumfunga kuliko la kwanza. Habari ya mama haimo. Habari ya hospitali haimo. Wala haimo habari ya ndugu yake aliyetumwa kwa afisa akakuta ofisi imefungwa. Hakimu hawezi kuyapima mambo asiyoambiwa, nasi hatuna haki ya kumlaumu.

Wakili angalifanya nini? Kwanza angaliomba nakala ya amri yenyewe, aone sharti lasema nini hasa na kama muda wake haujakwisha. Nasema hili nikiwa karani: karatasi ndiyo kinywa cha mtu asiyekuwa na kinywa, nasi twaikunja na kuitia chini ya godoro mpaka panya waile. Pili angaliuliza kama kijana alielezwa amri hiyo ipasavyo. Sheria yaamuru kwamba kabla ya kuitoa, korti imweleze mtu kwa maneno ya kawaida maana yake na hatari ya kuivunja, naye mwenyewe akubali kuitii. Mzee wa huko ndani asiyejua ila lugha ya kwao, aliyeitikia kwa kichwa tu mbele ya mkalimani mwenye haraka, je, alielezwa? Kisha angalileta kadi ya hospitali, barua ya chifu, na yule ndugu asimame atoe ushahidi. Angalimwuliza afisa, kwa heshima, kama daftari lake halionyeshi kwamba kijana alifika bila kukosa kwa miezi minane iliyotangulia. Mwisho angalishauri korti jambo la kufanya badala ya kifungo.

Kutoweza na kutotaka si jambo moja, na tofauti hiyo imekwisha kupimwa katika korti za mbali na hapa. Katika jimbo la Georgia, Marekani, mtu mmoja aitwaye Bearden, asiyejua kusoma, aliwekwa chini ya probesheni akaamriwa alipe faini ya dola 500 na fidia ya dola 250. Alikopa dola 200 kwa wazazi wake akalipa. Kisha akaachishwa kazi, akatafuta nyingine asipate, na zile 550 zilizobaki zikamshinda. Korti ikaivunja probesheni na kumpeleka gerezani. Mwaka 1983 Korti Kuu ya Marekani ilisema kwamba haifai kumfunga mtu hivyo bila kuuliza kwanza kwa nini hakulipa. Kama amejitahidi kwa kweli akashindwa, sharti itazamwe adhabu nyingine kabla ya jela. Uamuzi huo haufungi korti zetu, lakini swali lile kila mzee hapa amekwisha kumwuliza mdeni wake barazani.

Mtu anayesemekana ametenda kosa jipya akiwa katika probesheni ni habari nyingine kidogo, maana yuko hatarini mara mbili: kwa kosa jipya na kwa lile la zamani. Huyo asikiri lolote kabla hajaonana na wakili.

Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mshtakiwa haki ya kuwa na wakili amtakaye, na mkalimani bila malipo ikiwa haifahamu lugha ya korti. Pale ambapo dhuluma kubwa ingetokea bila wakili, Serikali yapasa imwekee mmoja kwa gharama yake. Tena iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 kwa ajili ya wasiojiweza. Yafaa tuanze huko kila mara, kabla ya kugusa sanduku letu. Lakini ombi lahitaji mtu wa kuliandika na kulifuatia, na kijana aliye rumande hawezi kutembea ofisi hata ofisi.

Wala nisieleweke kwamba afisa wa probesheni ni adui. Wengi wao huwahangaikia vijana wetu kuliko jamaa zao, na mara nyingi mtu akienda mapema na sababu yake, jambo huisha ofisini lisifike kortini. Wala siombi tumtetee mtu kwa uongo. Yuko aliyeidharau amri makusudi, naye Halmashauri yaweza kumwambia kwamba fedha hazitoshi.

Azimio lililo mbele yenu, basi, lasema hivi: Chama kitenge sehemu ya fedha za msaada kwa ajili ya mawakili wa watu hawa, baada ya kujaribu msaada wa Serikali, kila mwanachama ambaye mtu wa nyumba yake yuko katika probesheni alete nakala ya amri iwekwe ofisini kwa siri, na samansi ikija, habari ifike kwa Karani siku ile ile. Hukumu ikikwisha kutolewa, muda wa kukata rufani kwenda Korti Kuu ni siku 14 tu, na mwaka huu watu wawili waliniletea karatasi zao siku hizo zimekwisha kupita.

Bwana Mwenyekiti, naliweka azimio hili mikononi mwa mkutano.