Mzigo Tunaomtwika Muuguzi
Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya hekalu letu, Mchinga



Siku hii ni ya furaha, nami nimechagua jambo zito. Niwieni radhi. Hekaluni tunafundishana kuishi; na kufa nako kunahitaji kufundishwa.

Mama yangu alipougua saratani, sisi wanawe tulimwita muuguzi kando, tukamsihi asimwambie kuwa haponi. Tulidhani tunamhurumia. Usiku mmoja mama alimwuliza, "Mwanangu, nitarudi nyumbani?" Muuguzi akajibu, "Utarudi, mama." Siku ya tatu mama alifariki wodini, mbali na taa ya samli aliyoiwasha kila alfajiri. Baadaye muuguzi yule aliniambia, machozi yakimlenga, kwamba jibu lile limemkaa rohoni. Uongo ulikuwa wetu. Mzigo tulimtwika yeye.

Huo ni mtihani wa kwanza wa wauguzi: mgonjwa ana haki ya kujua hali yake, na jamaa wanataka afichwe.

Wa pili ni maumivu. Katika imani yetu, wazo la mwisho la mtu lina uzito mkubwa. Jirani yangu Mwislamu naye hutamani kuitamka shahada akiwa na fahamu. Kwa hiyo tunaiogopa mofini, tukidhani italevya akili au itaharakisha kifo. Lakini maumivu makali nayo huiteka akili. Dawa hiyo ikianzishwa kwa kipimo kidogo na kuongezwa kwa uangalifu, wagonjwa wengi hupata nafuu huku wakizungumza na watoto wao. Kutuliza maumivu si kuua. Kuua kwa kisingizio cha huruma sheria yetu haikuruhusu. Huko Kampala, Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na tangu 2004 sheria ya Uganda imewaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini. Kwetu, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hutoa tiba shufaa, yaani matunzo ya kumpunguzia mgonjwa mateso hata pale ugonjwa usipotibika.

Wa tatu ni tone la maji. Sisi humtia anayekata roho maji ya Ganga na jani la tulsi. Wengine huleta maji ya Zamzam. Muuguzi anajua kuwa asiyeweza kumeza huweza kupaliwa. Akikataa, ataonekana hana utu. Akikubali, anahofia madhara. Nilimwona mmoja akilowesha pamba kidogo na kuipitisha midomoni mwa mgonjwa. Dini iliheshimiwa, na mgonjwa hakudhurika.

Ndugu zangu, tuwasaidie wauguzi kwa mambo mawili. Tuseme mapema, tungali wazima, tungependa kuambiwa nini na kufia wapi. Pili, kila familia imteue msemaji mmoja, kwani penye wengi pana mengi, na muuguzi hawezi kutii amri za ndugu sita.

Mama yangu sikumuuliza. Nanyi waulizeni wazazi wenu jioni hii, mkiwa mnakunywa chai.

 Om Shanti.