Zaka na Vyombo vya Kazi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku viumbe. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu Waislamu, mcheni Mwenyezi Mungu. Mji wetu wa Mombasa, ambao sensa ya 2019 ilikuta watu 1,208,333, hula kwa mkono wa bandari. Mwaka huo huo ilipoamriwa shehena za Nairobi zichukuliwe kwa reli mpya, hawakupungukiwa wenye malori peke yao: utingo, fundi wa magurudumu na mama muuza chakula wa Changamwe nao walikosa riziki. Mwaka 2022 Serikali iliamuru utoaji wa mizigo urejeshwe Mombasa. Lakini aliyekwisha kuuza vyombo vyake ili watoto wale, harudi kazini kwa tangazo.

Nasi twampa nini? Shilingi chache mlangoni mwa msikiti, na Ijumaa ya pili mkono ni ule ule. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii walifundisha kuwa fundi maskini apewe katika zaka thamani ya vyombo vya kazi yake, na mchuuzi apewe mtaji. Basi, kusanyeni zaka zenu mtaa kwa mtaa, mmwinue mtu hata naye awe mtoaji. Na mwenye kuajiri kibarua asiulaze ujira wake. Huo ndio chakula cha watoto usiku huo.

Nasema haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu na kwenu.