Flashi Haina Virusi

Umeingia duka la fotokopi pale Biryogo, Kigali, umemkabidhi kijana flashi akuchapie barua ya kuomba kazi. Barua ni moja, lakini kwenye kioo anaona mbili zenye jina lilelile. Moja imetanguliwa na nukta na mstari wa chini. Anaibofya hiyo. Haifunguki. "Dada, flashi yako ina virusi."

Haina. Barua iliandikwa kwenye kompyuta ya Mac. Mac, mbali na maandishi yenyewe, hutunza habari nyingine kuhusu faili: alama ya rangi uliyoliwekea, anwani ulikolipakua. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo usio na nafasi ya habari hizo, basi Mac huziweka katika faili la pembeni, aghalabu la kilobaiti 4 tu. Mwenye Mac halioni, kwa sababu jina linaloanza na nukta hufichwa. Ni desturi ya zamani ya Unix. Windows haina desturi hiyo, hivyo humwanika mgeni hadharani.

Na Word nayo ina lake. Ukifungua waraka, huzaliwa faili lililofichwa, jina lake likianza na alama ya wimbi na ya dola. Ndani mna jina lako, ili mwenzako wa ofisini akijaribu kuufungua aambiwe nani anao. Ukiufunga, faili linafutwa. Umeme ukikatika kabla, linabaki, na kesho unaambiwa waraka umeshikwa na mtu mwingine, na mtu huyo ni wewe! Funga Word, lifute, endelea na kazi.

Ila usishike ufagio kwa kila faili usilolijua. Kufikia mwaka 2013 Rwanda ilikuwa imesajili vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10, na wanaoshughulika na ramani za viwanja wanalijua faili la SHP. Hilo hubeba mipaka tu. Maelezo ya kila kiwanja yako kwenye DBF, faharasa kwenye SHX, na PRJ ndiyo inayoiambia kompyuta vipimo vya mipaka hiyo vinasomwa vipi juu ya uso wa dunia. Ukituma SHP peke yake, umetuma mistari isiyojua iko wapi.

Kwa hiyo, wewe wa ramani, yafunge yote manne katika ZIP moja ndipo utume. Nawe kijana wa fotokopi, tafadhali, bofya lile faili kubwa.