Mama, Usitundike Raba Zako

Muda wa kusoma hewani: dakika 15

Mimi ni muuguzi wa jamii, na kazi yangu hunizungusha vijijini katika eneo la Nyahururu, kule ambako asubuhi ukungu huwa mzito hata huoni ng'ombe wa jirani.

Leo tutazungumza juu ya mbio. Si mbio za kushindania medali. Ni mbio za polepole ambazo mama au baba aliyepita miaka hamsini, sitini au sabini hukimbia kwa ajili ya afya yake na furaha yake. Kuanza mbio hizo si kazi kubwa. Wengi huanza mwezi wa Januari, au siku ile wametoka kliniki wakiwa wameambiwa presha imepanda. Kazi iko katika kuendelea. Basi swali letu la leo ni hili: mtu mzima anawezaje kudumisha ari ya kukimbia mwaka baada ya mwaka, na sisi tunaoishi naye tumsaidie vipi?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mama yangu aligunduliwa kuwa na shinikizo la damu akiwa na miaka 57. Daktari alimpa dawa, akamshauri apunguze chumvi na afanye mazoezi. Mama alianza kwa kutembea hadi kituo cha maziwa na kurudi. Baada ya miezi michache akawa anatembea kidogo, anakimbia kidogo. Mwishowe alikuwa akikimbia njia nzima, polepole, leso kiunoni na raba za mitumba miguuni. Aliendelea hivyo kwa miaka miwili, na alipenda sana.

Mwaka wa tatu aliteleza kwenye matope, akachubuka goti. Majirani wakacheka: "Huyu mama anakimbilia nini, anataka kwenda Olimpiki?" Nami, muuguzi mzima, nikamwambia, "Mama, umri umeenda. Kaa nyumbani unisaidie na mtoto." Wakati huo nilikuwa nimetoka kujifungua. Nilisema ni kwa ajili ya goti lake, lakini ukweli ni kwamba nilihitaji mtu wa kubaki na mtoto asubuhi. Mama hakubishana. Alitundika raba zake kwenye msumari nyuma ya mlango.

Katika muda wa mwaka mmoja uzito wake uliongezeka, usingizi ukapungua, na presha ikapanda hadi daktari akaongeza dawa ya pili. Sisemi ni kwa sababu ya kuacha mbio peke yake, kwa maana presha ina mambo mengi. Lakini nilichoona zaidi ni kwamba aliacha kucheka. Siku moja nikiwa nampima akaniambia, "Ulinitoa njiani, na hukunipa njia nyingine." Maneno hayo sijayasahau. Ndiyo maana nazungumza nawe leo.

Kwanza, tuelewe mwili unavyobadilika.

Umri unapoongezeka, moyo hauwezi kupiga haraka kama zamani hata ukijitahidi. Misuli hupungua, hasa baada ya miaka sitini. Kwa akina mama, hedhi inapokoma mifupa hupoteza nguvu upesi zaidi. Kano hukaza, na maumivu yaliyokuwa yakipona kwa siku mbili sasa huchukua wiki. Hayo yote ni kweli. Lakini mengi kati ya hayo huongezeka kasi kwa mtu anayekaa tu. Mazoezi husaidia moyo, hushusha presha na sukari, huimarisha misuli na mifupa, huleta usingizi na kupunguza huzuni.

Wengi huniuliza, "Sista, mbio si zitaniharibu magoti?" Kwa mtu mwenye magoti mazima anayekimbia kwa kiasi, utafiti haujaonyesha kwamba mbio huleta ugonjwa wa baridi yabisi ya magoti. Uzito mwingi wa mwili huyaumiza magoti zaidi. Lakini kama goti tayari limevimba au linauma kila siku, lionwe na daktari kwanza. Huenda kutembea kwa haraka kukakufaa zaidi.

Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima, pamoja na wale waliopita miaka 65, wafanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi ya nguvu kwa dakika 75 hadi 150. Kwa hivyo ukitoka nusu saa, mara tano kwa wiki, ukitembea kwa haraka na kukimbia taratibu, umefika. Pia linashauri mazoezi ya kuimarisha misuli mara mbili kwa wiki au zaidi, na kwa wazee, mazoezi ya kuuzoeza mwili usiyumbe, mara tatu. Kuinuka kitini mara kumi bila kushika kitu, au kusimama kwa mguu mmoja ukiwa karibu na ukuta, ni mazoezi mazuri na hayana gharama.

Kabla hujaanza, au hujarudi baada ya kukaa muda mrefu, pimwa. Ikiwa una presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au pumu, zungumza na daktari wako. Ikiwa presha yako ukiwa umepumzika ni 180 kwa 110 au zaidi, usikimbie. Nenda kliniki kwanza. Usiache dawa eti kwa kuwa sasa unakimbia. Na kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, beba glukosi au peremende. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho baridi au kusikia kizunguzungu, simama na ule mara moja.

Sasa tuje kwenye ari yenyewe. Ni mambo gani huiua?

La kwanza ni kujilinganisha na jana. Mama wa miaka 62 anakumbuka alivyokuwa akikimbia shuleni, au miaka kumi iliyopita, kisha anavunjika moyo. Mama yangu aliporudi njiani alihesabu dakika zake za zamani na akakaribia kulia. Nikamshauri aache saa nyumbani. Tumia pumzi yako kuwa kipimo. Ukiweza kuzungumza na mwenzako huku unakimbia, lakini huwezi kuimba, mwendo ni wa kutosha. Ukishindwa kuzungumza, punguza. Kipimo hiki hakikuaibishi, kwa sababu kinafuata mwili ulio nao leo.

La pili ni kukatizwa. Kuna mafua, kuna matanga, kuna msimu wa kupanda viazi, kuna mjukuu aliyelazwa. Wiki mbili au tatu zikipita pumzi hupungua, na ukirudi kwa mwendo ule ule utaumia au utachoka vibaya, kisha useme, "Mambo yangu yameisha." Hayajaisha. Rudi nyuma kidogo: kimbia dakika moja, tembea dakika mbili, kwa dakika ishirini. Ongeza polepole kila wiki. Kukatizwa ni sehemu ya mbio za mtu mwenye familia, na hakuna haja ya kujilaumu.

La tatu ni jambo tunaloona haya kulitaja. Akina mama wengi waliozaa huacha kukimbia kwa sababu mkojo huwatoka wakikimbia, wakikohoa au wakicheka. Mama mmoja alikuja kwangu akinong'ona, ilhali tulikuwa wawili tu chumbani. Alikuwa ameacha mbio kwa miezi minane bila kumwambia mtu sababu. Mama, huo si uchawi wala si aibu. Misuli inayoshikilia kibofu imelegea, na inaweza kuimarishwa. Ibane kama unayezuia mkojo na hewa, hesabu hadi tano, kisha ilegeze, hesabu tena hadi tano. Fanya mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Unaweza kufanya hata ukiwa ndani ya matatu na hakuna atakayejua. Uwe na subira, kwani huchukua kama miezi mitatu kuona tofauti. Kwa sasa vaa pedi na uendelee kutembea. Lakini kama mkojo unatoka kila wakati, una damu au unawasha, au unahisi kitu kinashuka ukeni, njoo kituo cha afya.

La nne ni upweke na kucheka kwa watu. Eneo letu limezaa wakimbiaji. Samuel Wanjiru wa Nyahururu alishinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini Beijing mwaka 2008, akiwa Mkenya wa kwanza kupata dhahabu hiyo. Tunajivunia sana. Lakini kwa sababu ya sifa hiyo, tumezoea kudhani kukimbia ni kazi ya vijana wanaotafuta ushindi. Mzee akikimbia, tunauliza anakimbilia nini. Dawa ya kicheko ni mwenzako. Tafuta mmoja tu, wa kanisani, wa chama au jirani, mpatane siku na mahali. Siku ambayo huna hamu, utatoka kwa kuwa kuna mtu anakusubiri pale njia panda.

La tano ni asubuhi mbaya. Kuna baridi, viungo ni vizito, na kitanda ni kitamu. Siku kama hiyo usijadiliane na nafsi yako kuhusu nusu saa. Vaa raba, toka, tembea dakika kumi. Baada ya dakika kumi, ukiona bado hutaki, rudi nyumbani kwa amani. Mara nyingi hutarudi. Ukimaliza, weka alama kwenye kalenda ya ukutani. Mama yangu huweka duara kwa kalamu nyekundu, na wajukuu ndio humkumbusha ikiwa mstari hauna duara.

Nikupe pia habari ya mzee mmoja aliyejulikana duniani kote. Fauja Singh alizaliwa Punjab, India, na baadaye akahamia Uingereza. Alianza kukimbia kwa bidii uzeeni, baada ya kufiwa na mke wake na mwanawe. Mbio zilimsaidia kubeba huzuni. Alikimbia marathoni yake ya kwanza London mwaka 2000, akihesabiwa kuwa na miaka 89. Mwaka 2011 alimaliza marathoni ya Toronto, Canada, akihesabiwa kuwa na miaka 100. Guinness hawakuiandika rekodi yake kwa sababu hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kama vile shosho zetu wengi wasivyo nacho. Hilo halikumzuia kukimbia. Aliaga dunia mwezi wa Julai 2025 baada ya kugongwa na gari karibu na kijiji chake.

Mwisho wake unatufundisha pia. Mama, barabara si ya kuchezea. Pita njia za ndani panapowezekana. Ukilazimika kufuata barabara kuu, kaa upande wa kulia ili uone magari yanayokuja. Vaa nguo ya rangi inayong'aa, na usubiri kupambazuke.

Sasa nazungumza na wewe mlezi, binti au mkaza mwana. Usimwambie mama yako "utaanguka" kila anapofunga kamba za raba. Mwulize anapita wapi, anarudi saa ngapi, na kama amebeba simu. Tazama soli za raba zake. Zikiisha, mnunulie nyingine kabla ya leso mpya. Na zaidi ya yote, mwachie muda wake. Wengi wetu tumewaachia mama zetu watoto tangu alfajiri hadi jioni, kisha tunashangaa kwa nini hawafanyi mazoezi. Mimi niliamka nusu saa mapema, siku nne kwa wiki, nikabaki na mtoto wangu mwenyewe. Hicho ndicho kilichomrudisha mama yangu njiani. Leo ana miaka 64. Anakwenda polepole kuliko zamani, na bado anameza dawa zake zote mbili. Lakini anacheka.

Kabla hatujaagana, shika dalili hizi za hatari. Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi, shingoni au taya, pumzi ikikata kuliko kawaida, moyo ukipiga bila mpangilio, kizunguzungu au kuzirai: simama, usimalize njia, na ufike hospitalini upesi. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, hata kama inapita baada ya muda mfupi, usingoje kesho.

Kwa ufupi, mama: pimwa kwanza. Nenda kwa mwendo wa kuzungumza. Ukikatizwa, anza tena kidogo kidogo. Tafuta mwenzako. Usifiche tatizo linalotibika. Na wewe mlezi, mpe nafasi.

Kama raba zako ziko nyuma ya mlango, kesho asubuhi ziteremshe.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni nani katika familia yako aliyeacha mazoezi, na ni nini hasa kilichomwachisha?
2. Ni njia gani salama katika kijiji chetu ambapo akina mama wanaweza kukimbia pamoja?
3. Ni kazi gani ya asubuhi unayoweza kumpunguzia mama yako ili apate nusu saa yake?